Kirikuu haistati alfajiri: betri mpya, stata imeshafunguliwa, bado inalia tik-tik-tik

MamaMikate_Tanga

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada, saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe barabarani.

Nina kirikuu, Suzuki Carry ya klachi, nasambazia mikate kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone. Wiki ya tatu sasa, nikizungusha ufunguo alfajiri taa za dashibodi zinafifia, huko chini inalia tik-tik-tik ya haraka, basi. Injini haigeuki hata kidogo. Vijana wangu wa tanuri wakiisukuma hatua kumi, nikaweka gia ya pili nikaachia klachi, inawaka papo hapo na inatembea siku nzima. Mchana nikiizima, mara inakubali, mara inagoma.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikanunua mpya, siku nne raha, ya tano yale yale. Wa pili akashusha stata, akabadilisha kaboni. Siku mbili, ikarudia. Sasa anataka ninunue stata nyingine. Hela hiyo ndiyo ngano yangu ya wiki, siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Mita ipo, ya mwanangu anayesoma umeme. Betri inasoma 12.5.

Mpwani_77

Pole dada. Betri hiyo ilikaa sana dukani. Irudishe wakubadilishie.

FundiUmeme_Korogwe

Dada, tulia kwanza, usinunue kitu.

Kuwaka kwa kusukumwa kunaonyesha mafuta na plagi viko sawa. Ile tik-tik ni selenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayoipelekea stata umeme: inavuta, umeme unaporomoka, inaachia, inavuta tena. Ingekuwa "tak" moja nzito halafu kimya, ningehisi vile vipande vya kopa ndani ya selenoidi vimelika. Kwako umeme unafika haba. Na kwa kuwa taa nazo zinafifia, natafuta mahali ambapo taa na stata wanachangia: betri yenyewe, vibanio vyake, au waya wa hasi kabla haujagawanyika.

12.5 ni ya betri iliyopumzika, haisemi lolote kuhusu betri iliyo kazini. Mwanao akanyage klachi azungushe ufunguo, gia iwe huru, wewe upime:

Risasi kwa risasi juu ya betri, yaani zile nguzo mbili za chanya na hasi zenyewe, usiguse vibanio. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu au haina chaji. Ikibaki 11 kwenda juu huku stata inalia tu, betri iache.

Halafu ncha nyeusi kwenye risasi ya hasi, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo isizidi nusu volti. Ikizidi, umeme unapotelea upande wa ethi, yaani njia ya hasi kati ya betri na chuma cha gari, na mafundi wengi hapo hawapimi kabisa, wanaangalia waya mwekundu tu.

Kama huna muda, chukua waya mmoja wa kubustia, bana kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini, mbali na feni na mkanda. Ikistati, umepata jibu.

MamaMikate_Tanga

Fundi, Mungu akuzidishie. Saa kumi na nusu tulikuwa chini ya gari na tochi.

Betri wakati wa kuzungusha: 11.8. Hasi mpaka injini: namba zinarukaruka, zikafika 6! Mwanangu akapima tena kutoka kwenye risasi mpaka kibanio, hakuna kitu, 0.1. Tukabana waya wa kubustia kama ulivyosema, nikazungusha, ikawaka mara moja. Sijasukuma. Mikate imefika ikiwa bado ya moto.

Mchana tumeufungua waya wa hasi. Kwa nje mzima kabisa, mweusi unang'aa. Karibu na kibanio umevimba kama kidole chenye usaha. Mwanangu akaupasua kwa wembe, ndani unga wa kijani ukamwagika mkononi, nyuzi za kopa zilizobaki nzima unazihesabu. Betri iko pembeni chini ya bodi, na gari hii kabla yangu ilibeba samaki wa Deep Sea. Yale maji ya chumvi yalikuwa yakidondokea hapo hapo.

Nikaelewa pia kwa nini kila fundi akigusa inapona siku chache. Kufunga betri, kushusha stata, lazima uufungue ule waya. Ukitikisika, nyuzi zinagusana upya.

FundiUmeme_Korogwe

Umemaliza kazi ambayo wawili walishindwa, mpe hongera mwanao. Tengeneza mpya kwa waya wa kulehemu wa milimita 25 za mraba, vichwa vyake vibanwe kwa mashine, visipigwe nyundo. Sehemu unapofungwa kwenye fremu na injini piga msasa mpaka chuma king'ae, ukishakaza ndipo upake grisi. Kisha injini ikiwa inawaka pima chaji kwenye betri.

MamaMikate_Tanga

Tayari. Chaji ilikuwa 13.1, sasa ni 14.2. Hasi mpaka injini wakati wa kustati: 0.2. Jumapili tanuri likipumzika, nafungua na ule mwekundu.