Foleni ya kivuko imekwisha, nihamie wapi?

Mama Sato: Shikamooni wakubwa. Miaka tisa nimekaanga samaki sato Kigongo, Mwanza, nawauzia waliosubiri kivuko. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita tu. Daraja nalipenda, wagonjwa wanawahi hospitali ya Bugando. Ila nimebaki na laki nne na watoto watatu.

Mzee wa Igogo: Marahaba binti. Wewe hukuzembea, barabara ikihama, pesa huifuata. Nenda stendi ya Nyegezi, abiria wa Geita wana njaa.

Dada wa Buhongwa: Laki nne usiimalize kwenye banda! Undeni kikundi na wenzako, muombe halmashauri mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vikundi. Wanawake fungu letu ni asilimia 4, na mkopo wenyewe hauna riba.

Mama Sato: Kesho alfajiri niko Nyegezi na karai langu.