Coaster 1HZ iliyogeuzwa nyumba: filta ya pili ya dizeli inapatikana wapi?

MamaWawili_Iringa

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, maana hapa mjini nimezunguka maduka ya spea yote ninayoyajua nikarudi mikono mitupu.

Mimi na mume wangu tulinunua Coaster HZB50 kwa wazee wa Kijerumani waliokuwa wakitembea nayo Afrika. Ndani ni nyumba kamili: vitanda, jiko, tangi la maji, hita ya kutumia dizeli kwa ajili ya baridi ya usiku. Injini ni 1HZ. Tunaipenda sana hii gari na watoto wameizoea kama chumba chao.

Shida yake ni milima. Barabara ya tambarare inakwenda vizuri tu, ila tulipopanda Kitonga tukitokea Morogoro ilianza kulegea katikati ya kona, gia zikashuka moja moja mpaka ya kwanza, na malori yamejipanga nyuma yetu. Moshi mweusi hautoki. Tukisimama ikapumzika, inapata nguvu tena kwa muda. Asubuhi nayo siku hizi inachelewa kuwaka.

Fundi kasema ni filta, nami nakubali. Lakini gari hili lina filta mbili. Moja iko kwenye injini, ya chuma, ile ya Toyota ya kawaida. Ya pili imefungwa kwenye fremu, ina kikombe cha plastiki chini unachoona mpaka ndani, na juu ina mfuniko wenye kishikio cha umbo la T. Ubavuni pameandikwa 500FG. Nimeufungua mfuniko, ndani kuna chujio la karatasi lenye rangi ya bluu juu na chini, limekuwa jeusi. Namba niliyoweza kuisoma ni 2010, herufi zinazofuata zimefutika.

Kila duka naulizwa "ni ya gari gani?" Nikisema Coaster napewa ileile ya kwenye injini. Shule zikifunga tunataka kwenda Matema, na kupanda kutoka Kyela mpaka Tukuyu na gari la namna hii siwezi kuthubutu. Hii filta inaitwaje, inauzwa wapi, na kama haipo nifunge nini badala yake?

---

Dereva_Tunduma

Dada pole. Toa hiyo ya kwenye fremu, unganisha paipu moja kwa moja. Coaster imetoka kiwandani na filta moja na zinabeba abiria kila siku nchi nzima. Hayo mengine ni ya wazungu.

---

FundiBahari_Mombasa

Dada, salamu kutoka Mombasa. Usiitoe kabla hujanisoma.

Hiyo uliyoieleza naifunga kwenye mashua karibu kila wiki. Ni 500FG ya kampuni ya Racor, na chujio lake ni 2010, sawasawa na ulivyosoma. Wenye maduka ya magari hawaijui kwa sababu si spea ya gari lolote. Ni filta inayojitegemea, mtu hununua akaifunga anapotaka: kwenye mashua, jenereta, mtambo wa kuchimba. Basi ukiingia dukani usitaje Coaster kabisa. Taja 500FG na 2010. Jina la gari ndilo linalokupoteza.

Herufi zinazofuata namba ndizo muhimu. 2010S ni ya maikroni 2 (ukubwa wa uchafu inaouzuia; namba ndogo ni kuchuja laini zaidi), rangi ya kahawia. 2010T ni maikroni 10, bluu, kwa hiyo yako ndiyo hiyo. 2010P ni maikroni 30, nyekundu. Zote zinaingia kwenye nyumba moja, yaani kasha lilelile la filta. Mahali ilipo kwako, kabla ya filta ya Toyota, chukua P au T. Usikubali kuuziwa S hata ukiambiwa ndiyo inayochuja vizuri zaidi. Ni kweli inachuja, lakini iko upande ambao pampu inavuta dizeli, itajaa upesi na utarudi kwenye shida ileile ya mlimani. Kazi ya kuchuja laini iachie filta ya Toyota.

Kuhusu mahali: tafuta watu wa bahari na watu wa jenereta. Dar es Salaam anzia Msasani na Kunduchi, wanakotengeneza boti, kisha makampuni ya jenereta. Zanzibar vivyo hivyo. Huku kwetu ni Mtwapa na Kilifi, kwenye mashua za matanga. Ukipata, nunua zaidi ya moja, si kitu cha kukikuta njiani.

Na fungua boksi ukiwa bado dukani. Ndani ya boksi zima kuna chujio, gasketi ya mfuniko, na o-ringi (kipete cha mpira cha kuziba) ndogo ya kishikio cha T. Watu hubadili chujio wakarudisha gasketi ya zamani iliyokauka, gari likaanza kuvuta hewa, lawama zikaenda kwa filta mpya.

---

Kijana_Makambako

Mama, wakati unatafuta, toa hilo chujio ulioshe na petroli, upulize na kompresa kutoka ndani kwenda nje. Sisi tunafanya hivyo na linarudi kama jipya.

---

Nozeli_Mbeya

Kijana wangu, hapana. Nafanya kazi ya pampu za nozeli, na gari za "tulipuliza filta" ndizo zinazoniletea pampu zilizochanika ndani. Karatasi ya filta ikipigwa upepo inatoboka matundu usiyoweza kuyaona kwa macho. Gari litakwenda vizuri, ndiyo, kwa sababu uchafu sasa unapita bila kuzuiwa. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayoisukuma, haina oili yake. Mchanga na maji vikifika pale, gharama yake ukiilinganisha na filta utalia.

Dada MamaWawili, nisikilize kidogo kabla hujatoa hela. Dalili zako ni za pampu kukosa dizeli ya kutosha: nguvu kupungua mlimani, moshi hakuna, kupumzika inarudi. Filta iliyoziba inaleta hilo. Lakini kuchelewa kuwaka asubuhi kunaniambia kitu kingine, kwamba hewa inaingia mahali usiku na dizeli inarudi tangini. 1HZ haina pampu tangini, dizeli inavutwa safari yote kutoka nyuma. Sehemu iliyolegea upande huo mara nyingi haivuji nje ukaiona, inanyonya upepo.

Fanya hivi. Juu ya filta ya Toyota kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Gari likitoka kupanda mlima, kibonyeze. Kama kimenyonywa kimebaki chini, au kinarudi juu kwa shida, kuna kuziba kati ya hapo na tangi. Kisha mwambie fundi aweke kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla ya pampu, awashe, mwangalie kama kuna mapovu. Majaribio haya hayana gharama.

---

Shamba_Njombe

Nakubaliana na fundi wa Mombasa, ila nina njia ya watu tulio mbali na bahari. Kama 2010 zitakusumbua kila mara, badilisha nyumba yote ya filta ufunge ya aina ya CAV, inayotumia chujio la namba 296. Ndiyo ile ya trekta za Massey Ferguson zenye injini ya Perkins, ina kikombe cha kioo chini cha kukusanya maji. Iringa, Makambako, Njombe, Mbeya, popote panapolimwa kwa trekta utakuta 296 dukani, na ukiharibikiwa kijijini mwenye trekta atakuuzia. Mwambie fundi apime nyuzi za viunganishi vyake kabla, maana zinatofautiana na za mpira ulio nao, asije akalazimisha kwa tepu.

Nimeifunga kwenye Land Cruiser yangu ya shamba yenye 1HZ na naiamini.

---

Dereva_Tunduma

Fundi wa Mombasa nimekuelewa. Lakini abiria wangu nawapeleka na filta moja na hatujafa.

---

FundiBahari_Mombasa

Kaka, gari lako linatembea kila siku na tangi lako linajazwa dizeli mpya kila siku. La dada linakaa miezi limeegeshwa. Tangi lililo nusu, usiku baridi, mchana joto, maji yanajitengeneza ndani juu ya ukuta wa tangi yakashuka chini. Mahali pa kukutana maji na dizeli huota ute mweusi, ni vijidudu vinavyokula dizeli. Mashua zina ugonjwa huohuo. Kwa gari la kukaa, kikombe cha kuonyesha maji ni lazima, kiwe cha Racor au cha trekta.

---

MamaWawili_Iringa

Asanteni sana wakuu, nimesoma kila neno na mume wangu. Kitufe cha kupampu kilikuwa kimenyonywa chini kabisa baada ya kupanda mlima wa Ipogolo kuingia mjini. Na mapovu yapo, madogo madogo, hayaishi. Kwa hiyo inaonekana nina vyote viwili, kuziba na hewa. Kwenye kikombe kulikuwa na ute mweusi kama alivyosema fundi wa Mombasa, hata nilishtuka.

Mipira yote kutoka filta ya fremu mpaka kwenye injini fundi ameikaza klipu, bado mapovu. Nitafute wapi?

---

Nozeli_Mbeya

Umesema gari lina hita ya dizeli. Hiyo hita inapata dizeli yake wapi? Ikiwa imechukua moja kwa moja tangini kwa paipu yake, haina kosa. Lakini mafundi wengi wa kugeuza magari hukwepa kushusha tangi, wakakata mpira wa injini wakaweka kiunganishi cha njia tatu. Fuatilia paipu nyembamba kutoka kwenye kipampu kidogo cha hita kinacholia tik-tik. Ukiikuta imeungana na mpira wa injini, umempata mwizi wako. Kabla ya kipampu hicho huwa kuna kichujio kidogo pia, kimesahaulika mara nyingi, nacho kinapasuka.

Ili uwe na uhakika, liundie gari kidumu cha majaribio: dizeli safi kwenye kidumu, juu kuliko injini, mpira mpya moja kwa moja mpaka filta ya Toyota, na mpira wa kurudisha dizeli uingie kidumuni. Kifunge vizuri, mbali na joto la injini, fundi aliendeshe gari kwenye mlima mfupi. Likipanda bila kulegea, pampu na nozeli zako ni nzima na ugonjwa wote uko nyuma.

---

Mwalimu_Kibaha

Naongeza la filta ya Toyota kwa sababu hakuna aliyeigusa. 1HZ utaambiwa 23303-64010, na nyingine utaambiwa 23390-64480. Inategemea mwaka na kichwa cha filta, hivyo nenda na ya zamani mkononi ulinganishe urefu na nyuzi. Sensa ya maji iliyo chini lazima ihamishwe kwenda kwenye filta mpya pamoja na o-ringi yake, na o-ringi hiyo ikiwa bapa ni sehemu nyingine ya kuvuta hewa. Kuna filta zinazouzwa kwenye boksi zuri ambazo si za aliyeandikwa kwenye boksi: angalia karatasi ndani kupitia matundu, ikiwa imekunjwa hovyo au gundi imemwagika, irudishe.

---

MamaWawili_Iringa

Wakuu, nimerudi na majibu.

Fundi wa Mbeya, Mungu akubariki. Kwa dizeli ya kidumu gari lilipanda mlima bila kulegea hata kidogo. Tukafuata paipu ya hita, na kweli imeungana na mpira wa injini juu ya tangi, kiunganishi cha plastiki kimepata ufa mwembamba sana. Tumeitoa, mpira wa injini umewekwa mpya kipande kimoja, hita imezibwa kwa sasa. Mapovu yameisha. Asubuhi inawaka mara moja.

Tangi limeshushwa na kuoshwa. Chujio la 2010P limepatikana kwa watu wa boti Msasani, shemeji yangu kaenda kulichukua na limekuja kwa basi, gasketi zake zote zimo. Filta ya Toyota mpya imefungwa na o-ringi ya sensa imebadilishwa.

Swali la mwisho: baada ya kufunga hili la fremu, nimwage maji kila baada ya muda gani? Na hita nitaipaje dizeli, maana Tukuyu usiku ni baridi na watoto ni wadogo?

---

FundiBahari_Mombasa

Kwanza, kulifunga: jaza dizeli safi juu mpaka ukingoni kabla ya kufunika, paka gasketi dizeli, kaza kishikio cha T kwa mkono tu. Spana itapasua mfuniko.

Maji: safarini kiangalie kikombe kila asubuhi unapoangalia oili. Ukiona mstari umetengana chini, zima injini, fungua koki, yatoke maji mpaka ije dizeli safi, kisha ongeza dizeli juu. Gari likikaa, liache tangi limejaa.

---

Nozeli_Mbeya

Hita ipe paipu yake mwenyewe tangini. Tangi likishushwa tena, toboa juu kwenye sahani ya geji ya dizeli, siyo kwenye tangi lenyewe, na paipu ya hita iwe fupi kuliko ya injini isifike chini kabisa. Hivyo hita itaishiwa dizeli kabla ya injini, na mtaweza kuondoka mlipo. Ukipita Mbeya niandikie ujumbe, gereji iko karibu na barabara kuu, tutaifanya kabla hamjashuka Tukuyu.