Churchill aliteuliwa waziri 1908 halafu wapigakura wakamwangusha, ilikuwaje?

Mkaazi_Umoja
Wadau naomba mnisaidie. Nasoma ile safari ya Winston Churchill ya 1907, ile alipita hapa Nairobi akiwa naibu waziri wa makoloni, kuna hadi picha amekaa kwa benchi mbele kabisa ya injini ya treni. Sasa Aprili 1908 anateuliwa waziri wa biashara na mwezi huo huo anapoteza kiti cha Manchester North West. Si alishinda 1906 na muhula haukuwa umeisha? Huo uchaguzi mdogo ulitoka wapi na hakuna mtu alikuwa amekufa?

Ticha_Kayole
Ni sheria yao ya tangu 1707. Mbunge akipewa uwaziri wenye mshahara kiti kinabaki wazi, anarudi kwa wananchi kuomba kura upya, maana waliogopa mfalme atanunua wabunge kwa vyeo. Mara nyingi wapinzani walikuwa wanamwachia tu, hawaweki mtu. Lakini huyu alihama Conservative 1904 akaenda Liberal na wenzake wa zamani hawakuwa wamesahau, wakamletea William Joynson-Hicks. Matokeo ya 24 Aprili: Joynson-Hicks 5,417, Churchill 4,988. Na 1906 alikuwa ameshinda kwa tofauti ya kura 1,241!

Mzalendo254
Si kulikuwa na msoshalisti pia, Dan Irving? Huyo ndiye alimharibia, aligawa kura.

Ticha_Kayole
Hapana ndugu yangu, piga hesabu. Irving alipata 276, tofauti ni 429, hata angepewa zote bado angeanguka.

Dada_Eastleigh
Mbona hamtaji akina mama? Wanawake hawakuwa na kura kabisa na bado walimsumbua mji mzima. Serikali ya Liberal ilikuwa na mswada wa pombe ambao ungewatoa wanawake kwa kazi ya baa, kwa hivyo Eva Gore-Booth na Esther Roper wakasimama na hao wahudumu, na dadake Eva, Constance Markievicz, akazunguka Manchester akiendesha gari la farasi wanne. Mwanaume mmoja akamwuliza kwa kelele kama anajua kupika, akamjibu najua, na wewe unaweza kuendesha farasi wanne? Mimi hapo ndio napenda hii hadithi, mtu hana kura lakini anaenda kumtoa waziri jasho.

Mkaazi_Umoja
Asante dada, asante mwalimu. Kwa hivyo alikosa uwaziri?

Ticha_Kayole
Wapi! Alitafutiwa kiti kingine Dundee, Scotland, akashinda tarehe 9 Mei na uwaziri akaendelea nao. Sheria ililegezwa 1919, ikafutwa kabisa 1926.

Mzalendo254
Nimekubali hesabu mwalimu. Lakini kuifuta naona walikosea, hata sisi tungeihitaji.

Dada_Eastleigh
Yetu inafanana nusu tu. Tangu katiba ya 2010 mbunge akiteuliwa waziri lazima aache ubunge, uchaguzi mdogo unafanywa, ila yeye hayuko kwa karatasi ya kura, kazi ya kumpiga msasa imeachiwa bunge. Wale wa Manchester walimpata mwenyewe mbele yao wakamwambia hapana, na hilo mimi nalionea wivu kabisa.