Leseni ya fundi wa ndege ya TCAA kwenda Marekani: kuna kuhamisha, au ni kuanza upya?

Mlalo_Hangani: Wakuu, habari za kazi. Nina leseni ya ufundi wa ndege ya TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania), bodi na injini, miaka sita kwenye ndege za ATR 72. Nahamia Texas na kibali cha ukaazi kipo. A&P, cheti cha fundi wa bodi na injini cha huko, naipataje?

Spana10: Mkuu, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) haibadilishi leseni ya fundi wa nchi nyingine. Wanachohesabu ni uzoefu: miezi 30 ya bodi na injini kwa pamoja, au 18 kwa upande mmoja. Ukiwa nayo, shule si lazima. Jaza fomu ya maombi, 8610-2, nakala mbili, peleka ofisi ya FAA ya eneo lako (FSDO). Mkaguzi akiridhika anasaini, ndipo unaruhusiwa kukaa mtihani.

Mama Riveti: Wengi wanakwama kwenye barua ya mwajiri. "Alikuwa fundi wetu miaka sita" inarudishwa. Iwe barua halisi yenye saini, itaje tarehe, aina za ndege na kazi zenyewe: kufunga propela, kukagua injini kwa boroskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani), kurekebisha kebo za usukani, kutia kiraka cha bati. Kazi za injini zisiwe mistari miwili tu, maana mkaguzi anapima pande zote mbili. TCAA nao wakuthibitishie uzoefu huo kwa maandishi. Fanya haya ungali Dar. Ukishaondoka, kufuatilia barua ni mateso.

Spana10: Mitihani ya kompyuta ni mitatu: General (mambo ya jumla) maswali 60, Airframe (bodi) 100, Powerplant (injini) 100, kufaulu ni 70%. Ukianguka unasubiri siku 30, au ulete maandishi ya mkufunzi kwamba amekufundisha tena. Kisha mtihani wa mdomo na vitendo kwa mtahini aliyeteuliwa na FAA (DME). Ada anapanga mwenyewe, uliza mapema. Yote yaishe ndani ya miezi 24.

Mtu wa ATR amezoea injini za turbini, kwa hiyo anaangushwa na za pistoni. Jifunze kuseti magneto (kifaa kinachotoa umeme wa cheche za plagi): silinda namba moja kwenye kompresheni, krenki kwenye digrii zilizoandikwa kwenye bamba la injini kabla ya pistoni kufika juu, pointi za magneto ndiyo kwanza zinaachana. Kabureta na ndege za kitambaa pia zinaulizwa. Soma vitabu vya FAA-H-8083-30, 31 na 32 pamoja na mwongozo wa AC 43.13-1B, zote bure kwenye tovuti ya FAA.

Mlalo_Hangani: Shukrani sana. Kabla ya A&P naweza kushika spana?

Mama Riveti: Unaweza, chini ya fundi mwenye cheti anayekusimamia palepale. Kusaini ndege irudi kazini, hapana.