Maduka ya "kwa Twiga" yaliyofungwa: nimpeleke mwanangu kwenye haya mapya au niachane nayo? Naomba ushauri

Mama Zuhura (Silver Spring, Maryland)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mlioko Marekani na mnalea.

Zuhura anatimiza miaka saba mwezi ujao. Ameomba zawadi moja tu: aende dukani, achague mwenyewe mdoli wake. Baba yake anasema tuagize Amazon, kesho boksi liko mlangoni, tumemaliza. Sina ugomvi na Amazon, viatu na nguo tunaagiza huko huko. Ila kwa jambo hili moyo wangu unakataa kabisa.

Mimi nililetwa huku nikiwa darasa la tatu, miaka ya tisini, baba akiwa masomoni. Toys "R" Us ya Rockville, duka kubwa la vitu vya kuchezea watoto, ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Nembo yao ni twiga anayeitwa Geoffrey, na kwa mtoto aliyetoka Tanzania, ambaye darasani hakuna anayejua kwao ni wapi, kumwona twiga kwenye bango la barabarani lilikuwa jambo kubwa mno. Nyumbani hatukulitaja duka kwa jina lake. Tulisema "twende kwa Twiga".

Wale wa rika langu mtakumbuka michezo ya video ya Nintendo ilivyouzwa. Mchezo wenyewe haukuwekwa rafuni. Ukutani kulikuwa na picha ya kila mchezo, chini yake kifuko cha plastiki chenye vikaratasi. Unachomoa kikaratasi kimoja, unakipeleka kaunta, baba analipa, kisha mnahamia kwenye chumba kidogo chenye dirisha. Mfanyakazi anasoma namba, anapotelea ndani, na wewe umesimama pale kidevu kimefika usawa wa dirisha, umeshika risiti kwa mikono miwili. Kifuko kikiwa kitupu, basi mchezo umeisha, na unarudi nyumbani ukiwa tayari unapanga Jumamosi ijayo.

Najua yote yalifungwa 2018. Najua pia jina limerudi: kuna kona zao ndani ya Macy's, yale maduka ya nguo na vitu vya nyumbani, na kule New Jersey, ndani ya jengo la maduka la American Dream, wamefungua duka kubwa. Sasa nauliza: zile kona za Macy's zina maana yoyote kwa mtoto? Safari ya New Jersey, mwendo wa saa nne kwa gari, inafaa? Na mwenye kuelewa biashara anijibu bila kunionea huruma: yatarudi kama zamani, au najipa matumaini bure? Sitaki mwanangu akue akiamini kwamba vitu vya kuchezea vinazaliwa ndani ya boksi la kahawia.

Baraka_MN (Minneapolis)

Dada, kona ya Macy's usimpeleke kama ndiyo zawadi yenyewe. Mpeleke siku mnapita tu. Walizifungua mwaka 2022 katika maduka yao yote, zaidi ya 400, na ukubwa unatofautiana sana: nyingine zina futi za mraba 1,000 tu, chache zinafika 10,000. Niliyoiona mimi ilikuwa na rafu chache na benchi ambalo Geoffrey amekalia, la kupigia picha. Mwanangu alipiga picha, akauliza duka liko wapi.

Na fahamu kwamba mwaka 2024 Macy's walitangaza kufunga maduka yao kama 150 hadi kufikia 2026, kwa hiyo hakikisha la karibu yenu bado lipo kabla hujamwahidi mtoto.

Huku kwetu lilifunguliwa jingine Novemba 2023, ndani ya Mall of America. Hilo ni duka la kweli, mtoto anatembea ndani. Halilingani na yale ya zamani, lakini wangu walitoka wakiwa na furaha.

Mhasibu_wa_Tegeta (Houston)

Nijibu swali la tatu, maana watu wengi wanalijibu vibaya. Utasikia kila mahali kwamba Amazon na simu za mkononi ndizo zilizoua Toys "R" Us. Zilichangia, sibishi. Walmart nayo iliwapita kwa mauzo ya midoli tangu 1998. Na mwaka 2000 wenyewe walifunga mkataba wa miaka kumi na Amazon wauziwe bidhaa zao kule, wakachelewa kujenga tovuti yao, mkataba ukaishia mahakamani.

Lakini kilichowabana shingo ni deni. Mwaka 2005 kampuni tatu za uwekezaji, KKR, Bain Capital na Vornado, zilinunua Toys "R" Us kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kukopa. Mkopo ukabebeshwa kampuni iliyonunuliwa. Ni sawa na mtu akununulie daladala kwa mkopo wa benki, kisha deni liandikwe kwa jina la daladala: kila tripu dereva anaanza na marejesho, na tairi zikiisha hakuna cha kununulia nyingine. Riba peke yake ilikuwa kama dola milioni 400 kwa mwaka. Sasa mlipokuwa mnaona taa zimefifia, sakafu imechakaa, wafanyakazi wachache, hiyo ndiyo sababu. Hela ya kupaka rangi ilikuwa inakwenda kwa wadai.

Septemba 2017 wakaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Mauzo ya Krismasi yakawa mabaya, Machi 2018 wakatangaza kufilisi, na mwisho wa Juni maduka ya mwisho yakafunga milango. Zaidi ya watu 30,000 walipoteza kazi, bila kiinua mgongo. Walipiga kelele, wakaandamana, na baadaye mwaka huo huo KKR na Bain wakatoa mfuko wa dola milioni 20 wa kuwafuta machozi. Ukigawanya kwa idadi ya watu utaona mwenyewe ni kiasi gani.

Charles Lazarus, mwanzilishi, alifariki tarehe 22 Machi 2018, wiki moja baada ya tangazo lile, akiwa na miaka 94. Alianza 1948 kwa kuuza vitanda vya watoto wachanga pale Washington, kwenye jengo la baba yake aliyekuwa fundi baiskeli. Akagundua kwamba mzazi akishanunua kitanda harudi, ila mdoli unavunjika na mtoto anakua, kwa hiyo anarudi. Duka la kwanza lenye jina la Toys "R" Us alilifungua 1957, na unajua wapi? Rockville. Kwa hiyo dada, ulikuwa unanunua mji ule ule lilipozaliwa.

Jibu langu: duka la kuchezea watoto halikufa kwa kukosa watoto. Ndiyo maana sikubali kwamba matumaini yako ni bure. Ila anayemiliki jina leo, WHP Global tangu 2021, kazi yake ni kumiliki majina na kuyakodisha kwa wengine. Atafungua pale ambapo kuna mshirika wa kulipa pango. Usitegemee kurudi kwa maduka 700.

Zainab wa Leicester

Naunga mkono Mhasibu, na ushahidi uko huku kwetu. Uingereza Toys "R" Us ilifunga duka la mwisho Aprili 2018. Kabla yake tulishaipoteza Woolworths, maduka karibu 800 yakaisha kufikia Januari 2009, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu Woolworths ilikuwa katikati ya mji, mtoto anakwenda kwa miguu na senti zake, anajaza peremende kwenye kikombe cha karatasi na kupitia midoli ya Chad Valley.

Lakini angalieni Smyths, kampuni ya Ireland. Wanajenga maduka makubwa ya kuchezea watoto, rafu ndefu, baiskeli, kila kitu, na wamezidi matawi 100 hapa Uingereza. Toys "R" Us ilipoanguka wao ndio walionunua maduka yake ya Ujerumani, Austria na Uswisi. Kwa hiyo anayesema zama za duka kubwa la watoto zimepita aje Jumamosi kuegesha gari Smyths.

Jina la Toys "R" Us nalo lilirudi huku 2023 kwa mtindo wa kona ndani ya WHSmith, maduka ya vitabu na magazeti. Ni kama alivyosema Baraka, ni rafu ndani ya duka la mtu mwingine.

Bi Salma wa Ruwi (Maskati)

Assalaam alaykum. Mama Zuhura, huku Ghuba hayakufungwa hata siku moja. Ile iliyofilisika ni kampuni ya Marekani na ya Uingereza. Huku leseni wanayo Al-Futtaim wa Dubai, na wao deni lile haliwahusu. Japani vile vile, wako zaidi ya maduka 150.

Sisi tukienda Dubai wajukuu hawaniulizi kitu kingine. Ukipanga kwenda nyumbani Dar na ndege yako inapita Dubai, chukua mapumziko ya usiku mmoja badala ya kukimbilia ndege ya kuunganisha. Mtoto atapata duka zima, wala si kona. In shaa Allah iwe kheri.

Kijana wa Ngara (Nairobi)

Mimi Toys "R" Us nimeiona kwa runinga tu, lakini hii hisia naijua. Kwetu ilikuwa Nakumatt na yule ndovu wake. Haikuwa duka la watoto, lakini ghorofa yenye magari ya kuchezea ilitosha kunifanya nibebe vikapu vya mama bila kulalamika. Wadai walipiga kura kuifunga Januari 2020. Carrefour na Naivas zilichukua nafasi nyingi, bidhaa zipo, na bado nikipita majengo yale naangalia juu kama ndovu yupo.

Shauri langu dadangu: enda. Na uende mapema, kwa sababu tumeona jinsi haya maduka yanavyoondoka.

Mzee Kitwana (Hyattsville, Maryland)

Mwanangu, nitasema tofauti kidogo na wenzangu. Zuhura hakuomba twiga. Twiga ni wako. Yeye ameomba kuchagua kwa mkono wake, na hilo linawezekana hapa hapa, nusu saa kutoka nyumbani kwako, kwenye duka dogo la midoli la mtu binafsi. Yapo machache yaliyobaki eneo letu la DC. Mwenye duka anamwinamia mtoto, anamuuliza anapenda nini, anamfungulia boksi aone. Nimewapeleka wajukuu huko na nimekaa kwenye kiti pembeni zaidi ya saa nzima bila mtu kuniharakisha.

Kama mnataka safari, basi iwe ya New York, kwa FAO Schwarz. Hilo ni duka la midoli la tangu 1862. Lilifunga milango Fifth Avenue mwaka 2015, watu wakalia, na Novemba 2018, mwaka ule ule Twiga alipoondoka, likafunguliwa tena Rockefeller Center, na piano yake ya sakafuni ambayo watoto wanaipiga kwa kurukaruka. Nalitaja ili ujue kwamba kuna duka lililokufa likafufuka na likasimama.

Neema_TX

Kuongezea tu kwa wote: kila ikikaribia Krismasi mitandaoni kunajaa matangazo ya "Toys R Us inafunga, punguzo asilimia 90". Ni matapeli. Usibonyeze, andika mwenyewe anwani ya tovuti yao. Na kadi za zawadi za zamani mlizoziweka kwenye droo hazifanyi kazi tena tangu Aprili 2018.

Mama Zuhura

Mzee Kitwana, shikamoo. Maneno yako nimeyasoma mara mbili. Ni kweli mtoto hakuomba twiga, na duka dogo tutakwenda Jumamosi hii hii, bila kusubiri siku ya kuzaliwa.

Lakini naomba na mimi nitetee twiga wangu. Kwenye duka kubwa mtoto anajifunza jambo ambalo mwenye duka mwema hawezi kumfundisha: kuona vitu elfu moja na kuondoka na kimoja. Baba alikuwa ananiambia, "Zunguka lote kwanza, halafu uamue." Nilikuwa nachukua mdoli, naurudisha, nazunguka tena. Simu haimpi Zuhura nafasi hiyo, inamwonyesha kile inachotaka anunue. Hilo ndilo ninalolililia, na Mhasibu amenipa nguvu kwa kunieleza kwamba halikuondoka kwa sababu watoto wamelikataa.

Nimeongea na baba yake. Tumekubaliana tupande treni New Carrollton mpaka New York, tulale kwa dada yangu Bronx. Siku moja FAO Schwarz, siku ya pili kwa Twiga New Jersey. Kwenye hilo la New Jersey, kuna aliyefika atuambie tutegemee nini?

Baraka_MN

Safi sana dada. Nimefika. Lina ghorofa mbili, futi za mraba kama 20,000, kwa hiyo ni dogo kuliko lile la Rockville unalolikumbuka. Kuna bomba la kuteleza kutoka juu hadi chini, na sehemu ya aiskrimu. Mpe muda azunguke ghorofa zote mbili kabla hamjafungua pochi.

Gari hamhitaji, kuna basi kutoka Port Authority, kituo cha mabasi cha Manhattan, mpaka American Dream penyewe.

Mhasibu_wa_Tegeta

Angalizo moja: East Rutherford, mji lilipo American Dream, iko kaunti ya Bergen, na kaunti ile ina sheria ya zamani inayozuia biashara nyingi siku ya Jumapili. Kuna mvutano kuhusu American Dream na sheria hiyo. Wekeni kwa Twiga iwe Jumamosi, na FAO Schwarz Jumapili, Manhattan hawana shida hiyo. Ikibidi iwe Jumapili, pigeni simu dukani kwanza.

Mama Zuhura

Asante sana mkuu, nimebadilisha tiketi: tunaondoka Ijumaa jioni akitoka shule. Nitaleta picha na mrejesho hapa hapa, pamoja na bei, kwa wengine wanaofikiria kwenda.