Huyu "sinia" (senior) wetu wa programu leo kanidhalilisha mbele ya mteja, wallahi nimechoka nae

Mwana_Kibokoni:
Jamani naandika hii mikono bado yanitetema. Nyote mwamjua huyu mtu simtaji, yule anaejiita sinia, hedfoni shingoni toka Idi mpaka Idi. Leo kaja mteja wa kliaringi (kutoa mizigo bandarini), mzee wa heshima zake na kanzu yake, ataka kuona kontena zake kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo. Manifesti ni XML, faili la maandishi yenye tegi, ina xmlns pale juu kabisa, yaani nemspesi, jina la ukoo wa tegi zake, na mie kodi (code) yangu ya Java nshaiandika safi, NamespaceContext ipo, m nimeifunga na ile nemspesi, kueri ya XPath (lugha ya kutafuta ndani ya XML) ni //m:kontena, jana yatoa kontena zote. Nabonyeza mbele ya mzee, skrini yasema 0. Hakuna eksepsheni, hakuna onyo, getLength(), idadi ya zilizopatikana, yarudisha sifuri kavu. Na yeye AKACHEKA. Mbele ya mzee! Ati "kijana hata kusoma faili kwakushinda, huko chuo mwafunzwa nini?"

Kumbe usiku kapita "kusafisha" kodi yangu akafuta setNamespaceAware(true), ati mstari hauna kazi. Hauna kazi!! DocumentBuilderFactory, kile kifaa cha Java cha kusomea XML, usipoiambia haijali nemspesi kabisa, difoti yake ni false, sasa hiyo m:kontena itaonekana na nani? Afu kanipokonya kibodi akaandika split("<kontena>"), yaani kuyakata maandishi kila penye tegi hiyo, mzee akaona orodha akampa mkono. Akampa mkono YEYE! Na orodha yenyewe ina mapengo, kwa sababu zile zilizoandikwa <kontena aina="40HC"> hiyo split haizioni ng'o. Mzee wa watu kaenda nayo hivyo hivyo bandarini Kilindini. Na alicheka jamani, alicheka mpaka wa ofisi ya jirani wakachungulia.

Tudor_Boy:
Huyo? Nshafanya nae kazi. Alitufutia try/catch zote (za kukamata makosa) ati zajaza nafasi. Pole sana ndugu yangu.

Binti_Majengo:
Insha yote hii kwa vile mtu kacheka? Kakangu kunywa maji. Afu testi zako (kodi ya kuikagua kodi) ziko wapi, testi moja tu ingepiga kelele asubuhi kabla mzee hajatoka kwake.

Mwana_Kibokoni:
Dada testi haimzibi mtu mdomo. KACHEKA MBELE YA MTEJA.

Fundi_Likoni:
Hizo ni shida za Java. Huku C# tangu 2007 tuna LINQ ya kuulizia data, waandika Descendants(ns + "kontena") yaisha, hakuna cha kusajili viambishi kama hiyo m wala nini.

Tudor_Boy:
We nae na C# yako kila uzi. Mie linalonikera ni kuhesabu, XPath yaanzia 1, NodeList, ile orodha ya majibu, yaanzia item(0), kodi ile ile mstari wa juu na wa chini, ukiandika //kontena[0] hupati kitu na hakuna anaekwambia kwa nini. Nani kawaroga hawa watu?

Shimanzi_Dev:
Nyie mwalilia 0 na 1, mie nimepewa faili la giga 2 na bosi ataka DOM. DOM yapakia mti mzima kwenye memori kabla hujauliza hata swali moja, laptopu imeganda toka adhuhuri siwezi hata kusogeza mausi. Nikimwambia tutumie StAX, tusome kidogo kidogo, aniambia ntakuwa naleta ujuaji.

Mwana_Kibokoni:
Jamani turudini kwa huyu mtu basi

Fundi_Likoni:
@Shimanzi_Dev ramu yako ngapi?

Shimanzi_Dev:
4

Binti_Majengo:
Giga 4 na faili la 2 kwa DOM?? Huyo bosi wako ndo wa kufunguliwa uzi. Pita Mwembe Tayari utafute ramu, StAX atakuja kuikubali siku sava ikifa.

Shimanzi_Dev:
Ya 8 siku hizi yaenda pesa ngapi?