Mjadala: Wabunge waliomkalisha Spika kwa nguvu mwaka 1629, walikuwa na haki?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo tuyaache mabunge ya kwetu, twende Westminster, kwenye Bunge la Uingereza, Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1629. Swali langu ni hili: mfalme anamwamuru Spika aondoke kitini, wabunge wanamtaka akae. Amtii nani? Mimi nasema awatii wabunge, na waliomshika na kumrudisha kitini hawakukosea. Najua nitarukiwa, lakini kwanza sikilizeni mkasa wenyewe.

Chanzo kilikuwa ushuru wa forodha, uliotozwa kwa kila pipa la mvinyo na kwa thamani ya bidhaa nyingine zilizopita bandarini. Desturi ya Uingereza ilikuwa mfalme mpya akishika kiti, Bunge lake la kwanza linampa ushuru huo wa maisha. Charles wa Kwanza aliporithi kiti mwaka 1625, wabunge wakamwambia safari hii ni mwaka mmoja tu, na hata muswada huo ukakwama kwa Mabwana, yaani nyumba ya juu ya Bunge. Mfalme hakujali, akaendelea kukusanya. Mfanyabiashara John Rolle, ambaye mwenyewe alikuwa mbunge, alikataa kulipa na mali yake ikakamatwa.

Sasa siku yenyewe. Kikao kilikuwa katika kanisa dogo la zamani la St Stephen, kiti cha Spika kimewekwa pale ilipokuwa altare. Spika Sir John Finch anasimama na kutangaza agizo la mfalme: kikao kiahirishwe hadi tarehe 10. Ukumbi mzima unapiga kelele, hapana! Mbunge Sir John Eliot anainuka aseme, karatasi ya maazimio mkononi. Finch anataka kutoka. Denzil Holles na Benjamin Valentine, ambao walishajipanga ubavuni mwa kiti, wanamdaka na kumkalisha. Wajumbe wa Baraza la Mfalme wanakuja kumnasua, anachomoka, anarudishwa tena. Holles anaapa kwa majeraha ya Mungu kwamba atakaa mpaka wao watakapopenda kuinuka.

Spika akalia. Machozi kabisa. Akasema hathubutu kulipigisha kura jambo ambalo mfalme amelikataza.

Sir Miles Hobart akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Mfalme akaagiza siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, itolewe, haikutoka. Akamtuma afisa wake wa Fimbo Nyeusi, akagonga wee, hakuna aliyemfungulia. Ndani, Eliot alipoona Spika hasomi na karani hasomi, alikuwa ameshaitupa karatasi motoni. Basi Holles akayataja maazimio matatu kwa kukumbuka: anayeleta mageuzi ya dini, upapa au mafundisho ya mwanatheolojia Arminius, ni adui wa nchi, anayeshauri ushuru ukusanywe bila idhini ya Bunge, adui, mfanyabiashara atakayeulipa kwa hiari yake, msaliti wa uhuru wa Uingereza. Wakaitikia ndiyo, wakaahirisha wenyewe, mlango ukafunguliwa.

Haya, semeni.

Wakili wa Kijiweni

Mleta mada umesimulia vizuri, ila umeruka penye mfupa. Kwa nini walihangaika naye? Si wangemwacha aende wakaendelea na mambo yao? Hawakuweza, kwa sababu bila Spika kitini na siwa mahali pake hakuna Bunge, kuna mkusanyiko wa watu tu. Hata leo Dodoma au Nairobi, siwa isipoingia kikao hakijaanza, na desturi hiyo ilitoka hukohuko kwao.

Sasa jiulize: kiti kikikaliwa na mtu aliyeshikwa mabega, kimekaliwa? Na kura iliyohojiwa na Holles badala ya Spika ni kura ya Bunge? Kwangu mimi yale maazimio yalikuwa kelele za watu waliojifungia chumbani. Ushuru ulikuwa jambo la haki, nakubali, lakini utaratibu waliuvunja wao wenyewe waliokuwa wakimlaumu mfalme kwa kuuvunja.

Mleta mada

Mkuu, utaratibu upi? Kuahirisha kikao ni kazi ya Bunge lenyewe, ndivyo wabunge walivyoshikilia. Mfalme alikuwa na uwezo wa kufunga mkutano au kulivunja Bunge kabisa, na akitaka angefanya hivyo siku ileile. Yeye alichagua kumtumia Spika kama tarishi. Aliyeanza kukitia doa kiti ni nani?

Binti wa Tanga

Kaka zangu, mnagombania siwa, mimi namwonea huruma Finch. Wakati ule Spika alikuwa kweli mtu wa pande mbili: wabunge wanamchagua, lakini jina lake limeshapangwa na mfalme. Mwenyewe alijitetea hivyohivyo, kwamba kuwa mtumishi wa Bunge hakumpunguzii utumishi kwa mfalme. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mwanasheria wa watu.

Na kilichoniuma zaidi: Mbunge Sir Peter Hayman, jamaa yake na wote watu wa Kent, alisimama mbele ya ukumbi akamwambia ni aibu kwa kwao na doa kwa ukoo. Kushikwa mabega na wageni utasahau. Hilo la ndugu yako utalala nalo.

Wakili wa Kijiweni

Dada, huruma usiimalize yote hapo. Huyo Finch mwaka 1634 alipewa ujaji mkuu katika mojawapo ya mahakama kubwa, na ilipokuja kesi ya John Hampden, aliyekataa kulipa kodi ya meli ambayo mfalme aliitoza bila idhini ya Bunge, alisimama upande wa mfalme bila kigugumizi. Mwisho wa 1640 Bunge lilipomgeukia, alikimbilia Uholanzi.

Binti wa Tanga

Haya, nusu ya huruma nimeirudisha mfukoni.

Mpwani Mtoro

Mimi naangalia mizani. Walipata nini? Tarehe 10 mfalme akalivunja Bunge, akawaita viongozi wao nyoka, wabunge tisa wakakamatwa. Nchi ikakaa miaka kumi na moja bila Bunge, mpaka Aprili 1640. Eliot alifia kizuizini kwenye Mnara wa London Novemba 1632. Mwanawe akaomba mwili akamzike kwao Cornwall, mfalme akajibu azikwe kwenye kanisa la mtaa alikofia. Hata maiti hakuitoa! Valentine na mwenzao Strode walikaa ndani hadi 1640. Wangeinuka kwa adabu siku ile, wakarudi tarehe 10, huenda wangeyapitisha hayohayo bila mtu kufungwa.

Mleta mada

Sheikh, "huenda" yako ni kubwa. Walishaahirishwa tarehe 25 Februari hadi tarehe 2. Tarehe 2 wanaambiwa ngojeni tarehe 10. Huku ushuru unakusanywa kila siku na mali za watu zinakamatwa. Ungengoja mpaka lini?

Na usiseme hawakupata kitu. Baada ya azimio lile wafanyabiashara wengi wa London waligoma kwa miezi kadhaa, hawakutaka kuitwa wasaliti. Mmoja wao, Richard Chambers, alikuwa ameshasema mbele ya Baraza la Mfalme kwamba hata Uturuki wafanyabiashara hawakamuliwi kama Uingereza. Alitozwa faini ya pauni 2,000, akaletewa hati ya kuomba radhi atie sahihi, akakataa, akakaa gerezani miaka. Halafu tazama tarehe 4 Januari 1642. Mfalme anaingia mwenyewe ukumbini na askari wake mlangoni, anawatafuta wabunge watano, Holles na Strode wakiwamo. Anamuuliza Spika William Lenthall wako wapi. Lenthall anapiga goti na kujibu kwamba mahali hapa hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Kiti kilekile, miaka kumi na mitatu tu imepita. Lenthall hakuwa shujaa, ila alijua yaliyompata Finch.

Wakili wa Kijiweni

Hapo kwa Lenthall umenibana, sina neno. Lakini Lenthall hakushikwa na mtu.

Na kwa faida ya wote: Eliot, Holles na Valentine walihukumiwa kwa maneno waliyosema Bungeni na kwa kumshambulia Spika, yote katika hukumu moja. Mwaka 1668, Holles sasa mzee na mwenyewe ni Lord, Mabwana waliitengua hukumu hiyo. Sababu ni kwamba maneno ya Bungeni hayahukumiwi na mahakama ya nje, na hayakupaswa kuchanganywa na shambulio. Suala la mikono iliyomshika Spika hawakuliamua. Kwa hiyo, mleta mada, swali ulilouliza juu kabisa Holles alikwenda nalo kaburini bila jibu la mahakama.

Mleta mada

Ndiyo maana nimelileta hapa, mkuu. Nani mwingine?